Tulidhani Bi Harusi Wetu Ana Mimba

Jambo la leo tulilificha kwa muda kwa sababu ya aibu. Mama yetu mwenyewe ndiye aliyetuambia, "Liandikeni wanangu, huenda likamfaa bi harusi wa mtu."

Sisi ni watoto wa Unguja tunaoishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Nyumbani tupo watano: mama, kaka yetu, mke wake na sisi dada wawili. Nyumba yetu ni ya mbao, ina karibu miaka 100, na kaka aliinunua kwa mkopo kwa sababu ndiyo pekee aliyoimudu. Wifi yetu aliwasili mwezi wa Disemba, mikono bado ina hina aliyopakwa kwa ajili ya safari. Nje maji yalikuwa yanaganda. Mtoto wa watu katoka kwenye joto la kwao, kaingia kwenye theluji!

Basi tukamwandalia chumba cha chini, karibu na jikoni. Madirisha tukayaziba kwa nailoni na selotepu. Chini ya mlango wa nje tukasokomeza kanga kuukuu. Kila kitundu kilichopitisha baridi tulikitafuta na kukijaza matambara. Jioni mama akafukiza udi, chumba kikanukia kama cha nyumbani. Tulijiona tumemtunza.

Wiki ya tatu akaanza kuumwa asubuhi. Kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, chakula hakitaki. Sisi tukatazamana, mama akatabasamu. "Hiyo si homa," akasema, "hiyo ni heri." Siku ileile akampigia simu mkwewe Unguja. Huko nako wakafurahi, wakaanza kuulizana majina. Mama naye alikuwa akilalamika kichwa, lakini yeye ana presha siku zote, kwa hiyo hatukushughulika.

Wakati huo tulikuwa tunasubiri mafundi. Marekani kuna mpango wa serikali, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1976, wa kuzisaidia familia zenye kipato kidogo kuzuia baridi isiingie majumbani. Wanaziba nyufa, wanajaza dari na kuta vitu vya kuhifadhi joto, na mwenye nyumba halipi. Anayestahili ni yule ambaye kipato cha nyumba yake hakizidi mara 2 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Sisi tulistahili. Kipato cha kaka, anayefanya kazi ya usiku ghalani, na sambusa za mama havikutosha, na bili ya gesi ilikuwa inatutoa machozi.

Kabla ya mafundi anakuja mkaguzi. Mama alituamrisha tusafishe kama anakuja posa. Kwenye chumba cha chini ya ardhi kulikuwa na ukuta wenye kuvu jeusi, kwa sababu mfereji wa mvua wa nje ulikuwa umevunjika na maji yalikuwa yanapenya. Tukatundika pazia juu yake. Tuliona ni sitara. Mgeni haoneshwi uchafu wa nyumba.

Mkaguzi akaja na kijidude cha kupima hewa kimening'inia kifuani. Hajamaliza ngazi za kushukia chini, kikaanza kulia. Akageuka akatuambia tutoke nje, wote, sasa hivi. Mama alikuwa anakaanga sambusa. Tulitoka na makoti juu ya madira, wifi yetu anapepesuka. Watu wa gesi wakaitwa, wakafunga gesi. Wifi na mama wakapelekwa hospitali.

Ilikuwa kaboni monoksaidi. Ni gesi inayotoka pale gesi ya jikoni, mkaa, kuni au petroli inapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na aliyelala anaweza asiamke tena. Kule chini kulikuwa na mtungi mkubwa wa kupashia maji moto unaowaka kwa gesi, na bomba lake la kutolea moshi lilikuwa limeshikwa na kutu na kuachana kwenye kiungo. Zamani nyumba ilipokuwa na nyufa kila mahali, hewa iliingia na kutoka, sumu ikachanganyika na upepo. Sisi tukaziba. Kisha kila mama alipokaanga sambusa, aliwasha feni ya jikoni inayovuta hewa kuipeleka nje. Nyumba iliyozibwa, feni inavuta, hewa itatoka wapi? Ikawa inavutwa kutoka kwenye lile bomba, moshi unarudi ndani badala ya kupanda juu.

Kaka hulala mchana na usiku yuko kazini. Sisi tunalala ghorofani, na mchana tupo shule na kazini. Aliyekuwa akishinda na kulala pale chini ni bi harusi.

Hospitali walimpa oksijeni kwa saa kadhaa. Walipima na mimba. Haikuwapo. Daktari akasema tumshukuru Mungu kwa hilo, kwani gesi hii humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni. Alhamdulillah. Lakini mama alilazimika kupiga simu ya pili Unguja, na hatujawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile.

Usiku ule wifi yetu akatuambia neno lililotuumiza kuliko yote. Alikuwa ameshagundua. Kila alipotoka nje kutupa taka kichwa kilimpoa, na kila aliporudi ndani kilianza tena. Tukamuuliza, mbona hukusema? Akajibu, "Niliambiwa bi harusi asilalamikie nyumba ya watu. Niliogopa mtaniona nadeka." Tulinyamaza. Somo wake alikuwa amemfundisha vizuri. Sisi ndio hatukumfungulia mlango wa kusema.

Siku chache baadaye ikaja barua. Kazi ya kuziba nyumba imeahirishwa mpaka mambo matatu yatengenezwe: mtungi wa maji moto na bomba lake, kuvu pamoja na maji yanayopenya, na waya za umeme za darini, ambazo zilikuwa za zamani mno kufunikwa na chochote kwa sababu zinaweza kupata joto na kuwaka. Mama alikasirika. "Hata msaada wa maskini una masharti?" Tulidhani wametudharau nyumba yetu.

Tulikwenda ofisini kuuliza. Mama mmoja mtu mzima akatueleza taratibu. Nyumba iliyozibwa hutunza kila kilichomo. Ikiwa kilichomo ni joto, itatunza joto. Ikiwa ni unyevu, kuvu litashamiri na watoto watabanwa kifua. Ikiwa ni sumu, itaitunza sumu vilevile. Kwa hiyo kwanza wanatoa hatari, halafu ndiyo wanaziba. Akasema nyumba nyingi za watu wa kipato kidogo huahirishwa hivyo, na nyingine hazirudi tena kwenye orodha kwa sababu wenyewe hawana pesa za matengenezo. Mtu anakosa msaada kwa kuwa ni maskini kupita kiasi cha kusaidiwa. Tangu mwaka 2022 Bunge la Marekani limetenga fungu maalumu la kutengeneza nyumba za namna hii, lakini halitoshi kwa kila mtu.

Sisi tulipata sehemu kutoka fungu hilo. Mfereji wa mvua walitutengenezea kina baba wa msikitini, na kina mama wakaja na brashi, sabuni na barakoa tukaliondoa lile kuvu. Pazia letu la sitara likatupwa. Wiki zote hizo tulikoga kwa maji ya sufuria, na hakuna aliyenung'unika.

Mwisho mafundi wakaja. Wakafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, ikavuta hewa ya ndani kuipeleka nje, nasi tukapitisha viganja ukutani kusikia baridi inakoingilia. Kila ufa ulijulikana. Darini wakapuliza karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto. Bafuni wakaweka feni ya kutoa unyevu, na karibu na vyumba vya kulala vikawekwa ving'ora vya kaboni monoksaidi. Sasa nyumba ina joto, na bili ya gesi haitutoi machozi tena.

Mnaotusoma Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa mtasema, sisi hatuna theluji. Lakini chumba cha bi harusi siku hizi kinatiwa kiyoyozi, na chenye kiyoyozi kinazibwa. Kwa hiyo tunawausia:

Seredani yenye mkaa isilale ndani, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuzima moto kabla ya kulala.

Udi na ubani vifukizwe mlango ukiwa wazi, na chetezo kitolewe nje kabla ya maharusi kuingia kulala.

Jenereta la harusi liwe mbali na madirisha, wala lisiwekwe ukumbini au kwenye ujia wa nyumba.

Ukuta wenye kuvu usipakwe rangi mpya kwa ajili ya wageni. Kwanza tafuteni maji yanakotoka, myazibe, ndipo mpake.

Waya zilizochubuka zitengenezwe na fundi umeme kabla ya kuongeza kiyoyozi.

Na nyie mabibi harusi: kuumwa kunakopoa mkitoka nje na kurudi mkiingia ndani si kudeka. Semeni siku hiyohiyo, tokeni nje, kapimwe. Subira tumeamrishwa, lakini hatukuamrishwa kunyamaza mbele ya kinachotuua. Kina mama wakwe nanyi, mwulizeni mkamwana wenu, "Mwanangu, nyumba inakukalia vipi?" na mumsikilize mpaka amalize.

Mama yetu bado anafukiza udi kila Ijumaa. Siku hizi anafungua dirisha kwanza, baridi ikiwa kali au isiwe kali, na wifi yetu ndiye anayebeba chetezo kukipeleka nje.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zenu na waliomo.