Kabla ya Kushuka Lushoto kwa Baiskeli



Ndugu zangu, tangu niseme darasani kwamba nataka kwenda Tanga kwa baiskeli, wako waliocheka, na wako walioniuliza kwa siri kama nauli ya basi imenishinda. Nauli ipo, alhamdulillah. Mwalimu aliyenifundisha Qur'ani utotoni anaishi Tanga, sasa ni mzee sana, na kila mwaka namwahidi kwenda kumzuru. Mwaka huu nikaona niende kwa jasho langu, siku tatu, pamoja na vijana wawili wa madrasa. Nimevuka miaka arobaini na sijawahi kuendesha baiskeli mbali zaidi ya msikitini na sokoni. Kwa hiyo haya nakuandikia kama mwanafunzi mwenzako.

Siku ya kwanza tutashuka kwa Soni hadi Mombo, kilomita 33 hivi, kisha tutafuata barabara kuu hadi Korogwe tulale huko. Siku ya pili tutapita Segera hadi Muheza, ya tatu tutaingia Tanga. Kurudi tutapakia baiskeli kwenye basi. Sioni haya kusema hivyo, maana mlima ule kuupanda na mizigo si saizi yangu.

Unaweza kudhani tabu ipo kwenye kupanda. Mimi pia nilidhani hivyo. Kutoka Lushoto hadi Mombo unateremka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na mabasi yanapishana humo humo. Wiki tatu zilizopita nikaenda kujaribu, peke yangu, kushuka hadi Soni. Nikakumbuka sunna aliyoipokea Jabir, kwamba Masahaba wakipanda wakileta takbira na wakiteremka wakisabihi. Basi nikawa nasabihi, na mikono imebana breki tangu mwanzo wa mteremko. Baada ya kona kadhaa nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikabana zaidi, baiskeli haisikii. Allah akanijaalia nielekee upande wa mlima badala ya bonde. Nikaangukia mfereji wa maji ya mvua, goti likachubuka, kanzu ikachanika kwenye cheni. Akina mama waliokuwa wanatoka sokoni na mizigo yao ndio walionitoa.

Nikaipeleka baiskeli kwa fundi. Aliitazama kidogo tu akasema, "Shehe, hii mipira imekuwa migumu kama jiwe, na waya umeshakatika nyuzi mbili. Wewe ulikuwa unashuka na nini?"

Nilikuwa nashuka na tasbihi. Tasbihi ni amri na mpira wa breki ni sababu, na sikupewa ruhusa ya kuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Ibn Abbas amesimulia, na Bukhari amepokea, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, wakifika Makka wanaomba watu. Ndipo ikashuka aya ya 197 ya Suratul Baqara, ikaamrisha watu wachukue zawadi ya njiani, na ikataja kuwa iliyo bora ni uchamungu. Sisi wahubiri tunapenda kuisoma ile sehemu ya uchamungu, lakini amri ya kubeba chakula imetangulia.

Fundi akanifundisha: usibane breki mfululizo. Bana, achia, bana, achia, ya mbele na ya nyuma kwa zamu, na kiuno ukirudishe nyuma. Rimu ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka, kwa hiyo simama mara kwa mara ipoe. Usiiguse kwa kidole, dondoshea tone la maji usikie. Nimebadilisha mipira na nyaya zote. Nimebeba tyubu mbili, viraka, solushen, pampu na spana. Kanzu itasafiri ndani ya begi, nami nitavaa suruali pana iliyofungwa kamba pale chini. Inasitiri, na cheni haiipati.

Sasa nikwambie lililonisumbua mle mferejini. Halikuwa goti. Lilikuwa saruji. Mwaka jana tulipokuwa tunakarabati choo cha madrasa nilichukua mifuko kwa mkopo kwenye duka la jirani, nikalipa nusu, iliyobaki tukaafikiana kwa mdomo tu. Hakuna aliyejua ila mimi na mwenye duka. Mimi ninayewasomesha watu aya ya deni, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, sikuandika hata mstari mmoja! Na unajua kuwa hata shahidi husamehewa yote isipokuwa deni. Nilipokwenda kulipa, mwenye duka akaniambia, "Shehe, mimi niliona haya kukukumbusha." Neno hilo liliniuma kuliko goti. Usiku ule nikaandika wasia, nikamkabidhi mke wangu, akausoma mbele yangu wote.

Kuhusu swala, nimeulizwa sana. Safari yetu inavuka masafa ya kukusuru, na katika madhehebu yetu ya Shafi ruhusa inaanza ukishaziacha nyumba za mji. Kwa hiyo usikusuru nyumbani kwako eti kwa sababu begi limeshafungwa. Adhuhuri, alasiri na isha ni rakaa mbili mbili. Magharibi na alfajiri haziguswi. Ukifika Korogwe ukaswali nyuma ya imamu mkazi, utakamilisha nne pamoja naye. Tumekwepa kuondoka Ijumaa ili swala yake isitupite njiani. Na hatutaendesha usiku, maana barabara kuu ile ina malori.

Tuko watatu, na sunna ni kumteua mmoja awe amiri. Tumemteua mdogo wetu, ana miaka 22, kwa kuwa ndiye anayezijua baiskeli. Alikuwa mwanafunzi wangu wa juzuu amma. Amri yake ya kwanza: "Shehe, kwenye kona hakuna mawaidha." Nimetii. Ya pili ni kwamba tukifika chini, joto la Mombo si hali ya hewa ya kwetu, kila mtu anywe maji kabla ya kiu, na tende na chumvi kidogo visikosekane.

Lilibaki la mama. Nilichelewa kumwomba ruhusa kwa sababu nilijua ameshasikia habari za mferejini kutoka kwa akina mama wale wale. Nilipoketi chini karibu yake alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Breki umebadili, mwanangu?" Nikamwambia nimebadili. "Zote mbili?" Zote mbili, mama. Akaniruhusu kwa sharti moja: nikifika Mombo nimpigie simu kabla sijanywa hata hayo maji ya amiri.

Tunaondoka Jumamosi baada ya alfajiri, inshaAllah. Mwenye kiraka cha ziada anaweza kukiacha pale msikitini.