Simu ya Upepo na Silabi ya Kwanza

Chombo hiki kina majina mengi kuliko kazi zake. Wazee wetu walikiita simu ya upepo. Polisi na walinzi wa Dar es Salaam hukiita redio koli. Vijana wa Mombasa husema woki-toki. Na ndugu zetu walioko Maskati, ambao Kiswahili chao kinaishi na Kiarabu nyumba moja, husema lasilki, yaani kisicho na waya. Mfasiri hawezi kuyapita majina haya bila kusimama. Mwarabu amekitaja chombo kwa kile kisichokuwa nacho. Sisi tumekitaja kwa kile tulichodhani kinabeba sauti. Mtaalamu wa fizikia atasema kuwa upepo hauhusiki hata chembe, kwani mawimbi ya redio hupita hata pasipo na hewa. Na aseme. Mimi nalipenda jina la wazee, na ndilo nitakalolitumia humu.

Sababu ya mshairi kuandika juu ya kitu hiki ni safari. Mwezi wa Januari 2019 nilikuwa Maskati kwa ndugu zangu, nao wakapanga kwenda na magari matano hadi Ramlat al-Wahiba, ile bahari ya mchanga ya Sharqiya. Msomaji wa visiwani hana haja ya kuelezwa sana Sharqiya ni wapi: koo nyingi za kwetu zilitokea Ibra, Mudhairib na Bidiya kabla ya kuvuka bahari. Shangazi yangu, ambaye alizaliwa Unguja na kuhamia Oman katika miaka ya 1970, alikuwa na miaka 78, na alitaka kuuona mji alikotoka babu yake. Vijana walitaka kupanda vilima vya mchanga. Safari moja ikabeba nia mbili.

Huko mchangani simu ya mkononi haitegemewi. Mtandao hupotea nyuma ya kilima cha kwanza, na hata ukiwapo, simu ile humfikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, ilhali msafara unahitaji neno moja lifike masikio yote pamoja. Basi simu za upepo zilihitajika, na kila mwenye gari alikuwa na rai yake. Mezani pakawekwa aina nne, na kwa kuwa mimi ni mfasiri, nikapewa vitabu vya maelekezo nivisome na niwaambie kilichomo. Nilitoka skuli kidato cha pili; Kiingereza nimejifunza mwenyewe kwa kamusi na magazeti ya zamani, kwa hiyo nimezoea kusoma kila neno kama mtu anayechambua mchele.

Aina ya kwanza ilikuwa jozi ndogo iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani. Kasha lake lilitangaza maili 35. Nikasoma maandishi madogo chini yake: masafa hayo hupatikana pasipokuwa na kizuizi chochote kati ya wasemaji. Maana yake ni mtu mmoja awe juu ya mlima na mwenziwe juu ya mlima mwingine, na bonde tupu katikati. Mawimbi ya aina hii huenda kwa mstari kama jicho. Pale jicho linapokomea, nayo hukomea karibu na hapo. Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi haioni zaidi ya kilomita 6 kwenye uwanda mtupu, na mbili za kimo hicho zikitazamana hupata kama kilomita 11. Ukiishika simu ndani ya gari, na bati limekuzunguka, hesabu hiyo hushuka sana. Juu ya hayo, mawimbi ya jozi ile, ya megahezi 462 hadi 467, yaliachiwa watumiaji wa kawaida nchini Marekani. Kwengineko kwingi yana wenyewe.

Aina ya pili ni ya Ulaya, ya megahezi 446, yenye nguvu ya nusu wati na antena isiyobadilishwa. Inafaa kwa watu wanaotembea kwa miguu wakionana. Ya tatu ni ile ya madereva wa malori, ya megahezi 27 na njia 40. Ina wati 4, na sauti yake hujikunja vizuri vilimani, lakini antena yake ili ifanye kazi sawasawa inataka urefu wa karibu mita 2 na nusu, na mvumo wake huchosha masikio kabla ya adhuhuri.

Katika kitabu cha ile ya Marekani ndimo nilimokutana na maneno yaliyonifurahisha kuliko yote: misimbo ya faragha. Muuzaji anaahidi kuwa ukichagua msimbo wako, mazungumzo yako yatakuwa ya siri. Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Msimbo huo ni mlio mdogo usiosikika unaotangulia na kuandamana na sauti yako, na simu ya mwenzio hufungua sikio lake inapoutambua tu. Hivyo unakukinga wewe usiwasikie wengine. Haumzuii yeyote kukusikia wewe. Mwenye chombo kisicho na msimbo anasikiliza kila kitu. Faragha ya namna hii ni ya mtoto anayefumba macho akidhani haonekani. Nilipomweleza shangazi alicheka, akasema kuwa wao walipokuwa wasichana walikuwa na msimbo ulio bora: walisema kinyume, wakaitia silabi ya mwisho mbele, gari ikawa riga na maji yakawa jima, na watu wazima wakasikia kila kitu wasiambulie kitu.

Aina ya nne ndiyo tuliyoichagua: simu za VHF za kufungwa ndani ya gari, zenye wati 25 na antena ya sumaku juu ya paa. Mawimbi yake yana urefu wa kama mita 2, na hujikunja juu ya matuta kwa wepesi kuliko yale mafupi ya UHF, ambayo kwao ni katikati ya majumba. Tulizikodi pamoja na kibali chake, kwani masafa ya redio si shamba la Bwana Heri. Kule yana mamlaka yake, kama kwetu TCRA tangu 2003. Magari manne yakafungwa. Mpwa wangu, aliyekuwa mbele kwa sababu ndiye ajuaye mchanga, alisema ya mkononi inamtosha. Yake ilipangiwa mawimbi yale yale, na ilikuwa na kinasa sauti cha kubana kwenye ukosi, kinachojifungua chenyewe kinaposikia mtu anasema. Hakuna kubonyeza, mikono yote kwenye usukani. Wengi tuliona ni akili.

Usiku kabla ya kuondoka nilipewa kazi nyingine. Katika simu hizi mmoja akisema wengine wote ni mabubu kwake, kwa hiyo lazima msemaji atangaze kuwa amemaliza. Polisi wetu husema ova. Vijana wakataka neno la Kiswahili. Mmoja akapendekeza “nimekwisha”. Shangazi akaomba asilisikie neno hilo likitoka jangwani. “Tamati” ilionekana kufunga duka zima. Mwisho tukakubaliana na “pokea”, ambalo wapenzi wa mashairi watalitambua: ndivyo watu wanavyopokezana beti.

Kesho yake tukapita Ibra, tukafika Bidiya, tukapunguza upepo wa matairi hadi presha 15, tukaingia mchangani. Kwenye vilima vile desturi ni kuwa gari la kwanza hupanda, huvuka ukingo, huteremka, kisha husema. Wa pili hapandi mpaka aambiwe, maana aliye chini haoni kilicho upande wa pili, na gari likishafika ukingoni kwa kasi halina hiari tena. Upande wa kuteremkia ni mkali, nyuzi 30 na zaidi.

Kilima cha nne au cha tano, mpwa wangu alivuka na kutoweka. Tulikuwa gari la pili: binamu yangu kwenye usukani, mama yake, yaani shangazi, kando yake, na mimi nyuma. Sauti ikaja wazi kabisa: “Kuna nafasi ya kushuka! Kuna nafasi!” Binamu akakanyaga mafuta. Tulikuwa tumefika zaidi ya nusu ya mwinuko shangazi alipoweka mkono juu ya mkono wa mwanawe, akasema kwa upole uleule anaoombea chumvi:

“Simama, mwanangu. Hiyo si sauti ya mtu mwenye nafasi.”

Binamu akasimama. Akashuka, akapanda ukingoni kwa miguu, akarudi hana rangi. Mchanga wa upande wa pili ulikuwa umemomonyoka. Gari la mbele limeteleza na kukwama kimshazari chini yake, na mke wa mpwa wangu na watoto wawili walikuwa wameshatoka nje, wamesimama pale pale ambapo matairi yetu yangeteremkia. Alichosema mpwa wangu ni: “Hakuna nafasi ya kushuka! Hakuna nafasi!” Kile chombo chenye akili kinahitaji kusikia sauti kwanza ndipo kijifungue, na kile kinachokifungua hakipiti. Mara ya kwanza kikaila “ha”. Baina ya sentensi mbili alivuta pumzi, kikajifunga. Alipoanza tena, kikaila ya pili.

Nimelifikiri jambo hili miaka yote tangu siku hiyo. Lugha yetu imeweka ukanusho mlangoni. Hakuna, kuna. Hapana njia, pana njia. Hayupo, yupo. Hamna mtu, mna mtu. Ukiidondosha silabi ya kwanza, kinachobaki ni Kiswahili sanifu kisicho na kasoro, chenye maana iliyopinduka. Sisi tunaohesabu mizani tumezoea kuiona silabi moja ikiharibu ubeti. Sikuwahi kuiona ikikaribia kuua. Walioandika vile vitabu vya maelekezo hawakuwa na hofu hii, kwa kuwa Kiingereza chao aghalabu hukitia kikanushi ndani ya sentensi, na silabi ya kwanza ikipotea hupotea kiwakilishi tu.

Ijapokuwa nao wamewahi kulipia. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Mwongoza ndege alimwambia rubani aliyekuwa tayari kuruka neno la “sawa”, kisha akamwambia asubiri. Sekunde ile ile marubani wa ndege ya pili wakasema kuwa wao bado wako njiani. Sauti mbili zikakutana kwenye wimbi moja zikawa mluzi. “Sawa” ikafika. “Subiri” ikazama. Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi redioni ila pale ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Jioni ile, baada ya gari kutolewa kwa kamba na koleo, tulibadilisha mambo. Kile cha ukosi kilizimwa, na mpwa wangu akapewa simu ya kubonyeza kutoka gari la mwisho. La mwisho likahamia la tatu, na waliomo wakabanana na wengine, gari moja likaachwa Bidiya. Tukakubaliana kubonyeza, kuhesabu moja kimoyomoyo, kisha kusema, na kila ujumbe uanze kwa kumwita mtu mara mbili, ili kama kuna cha kuliwa, kiliwe jina. Na amri za hatari zisiwe na ukanusho: asiseme mtu “usipande”, aseme “simama”. Shangazi akapewa kazi ya kusikiliza. Hakutaka kinasa sauti; alisema wanaosema wametosha.

Siku hizi vijana wa hapa huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, wakakodi magari matatu au manne kwenda Tanga na hadi Mombasa, na huniuliza wanunue simu gani. Nawaambia wasidanganywe na maili za kwenye kasha, wanunue za aina moja kwa magari yote, antena iwe nje ya bati, na waulize TCRA kwanza, wakikumbuka kuwa wakivuka Horohoro wanaingia chini ya mamlaka nyingine yenye kibali chake. Yakishakaa sawa hayo, waende na mwenzao dukani. Mmoja abaki ndani, mwingine asimame mwisho wa uchochoro. Wa ndani abonyeze na papo hapo aseme “hakuna”. Wa nje akisikia “kuna”, wamrudishie muuzaji simu yake.