Deki, Flashi na Bando

Runinga ya kwanza kuingia kwetu Ilala haikuwa na kituo cha kutazama. Bara hatukuwa na matangazo ya televisheni mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza. Wazanzibari walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, na hawakuacha kututambia. Kioo chetu kilikuwa cha deki. Siku isiyo na mkanda kilifunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu.

Mkanda uliazimwa. Commando ya Schwarzenegger ilitoka kwa mjomba, ikaenda nyumba ya pili, ikaturudia baada ya Idi na mistari myeupe inayopanda kila stelingi anapoanza kazi. Baba alikuwa na chupa ya spiriti na pamba za kusafishia hedi, na sharti lake moja: ukimaliza kutazama, rudisha mwanzo. Aliyeleta mkanda ukiwa katikati hakuazimwa tena, hata awe shemeji.

Zikaja CD, kisha DVD za Kariakoo zilizojazwa filamu lukuki kwenye sahani moja, picha imebanwa hadi nyuso za watu zinavunjika vipande. Mkwaruzo mdogo tu, Rambo anaganda mdomo wazi. Lakini ndizo zilizomleta sebuleni Lufufu, ambaye awali ulimfuata kwenye mabanda ya video. Alitafsiri filamu za nje kwa mdomo, akichomekea utani ambao mwenye filamu hakuuota. Kuna filamu za Kichina ambazo bila sauti yake, kwangu, hazijakamilika.

Sahani ndizo pia zilizofikisha filamu za mwigizaji wetu Kanumba mikoani. Serikali ilipoanza kuzibandika stempu za kodi, 2013, vijana wenye kompyuta mtaani walikuwa tayari wanatujazia filamu kwenye flashi, na flashi haina pa kubandikwa stempu.

Siku hizi nalipia programu ya filamu kwa mwezi, na bando huisha kabla ya tamthilia. Filamu niliyoianza Jumamosi, Jumatano sikuikuta. Haki za kuionyesha zimekwisha, na hakuna wa kumgongea mlango. Sisemi kanda zilikuwa bora. Unyevu wa Dar ulizijaza ukungu, nusu ya kabati la baba tulilitupa. Ninachokikosa ni kuazimana. Nywila nayo huazimwa, najua, ila hakuna anayekuja kuirudisha akakaribishwa chai.

Mkanda tuliobakiza ni wa harusi ya dada, maana huo haumo kwenye programu yoyote. Nimempata fundi mwenye deki nzima, anauhamishia kwenye flashi. Kadai nusu ya malipo mbele. Shemeji kasikia, na tayari ameomba kipande alichocheza kikatwe.