Papa, remorki imetosha

Kasumbalesa. Anayefika hapa kutoka Lubumbashi, baada ya kilomita 90 hivi za barabara ya taifa namba 1, anakutana na malori kabla ya kukutana na watu. Mengine yanaingia na mafuta, saruji na unga. Mengine yanatoka na shaba na kobalti kwenda Dar es Salaam au Durban. Kazi yangu ya redio ni kuyafuata: mstari umefika wapi leo, mpaka uko wazi au umefungwa, nani amegongana na nani. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya ule ugomvi wa bia na vinywaji, simu yangu haikulala. Lakini leo siandiki habari za mpaka. Naandika juu ya shofere mmoja wa nyumbani kwetu, papa yangu, na namna alivyoachana na remorki.

Papa aliendesha malori tangu kabla sijazaliwa. Njia yake kubwa ilikuwa ya Dar es Salaam: Chililabombwe, Chingola, Kapiri Mposhi, kisha Nakonde na Tunduma, Mbeya, kuteremka mlima Kitonga, mpaka bandarini. Kwenda tu ni karibu kilomita 2,000. Pesa ya njia hiyo ilijenga nyumba yetu ya vyumba vitatu. Ndiyo iliyonisomesha sekondari, na baadaye masomo ya uandishi wa habari. Liwekeni hilo kichwani, maana ndilo lililonifunga mdomo kwa muda mrefu.

Alama ya kwanza niliiona parkingi. Kurudi nyuma na remorki si mchezo: ukitaka remorki iende kushoto, unakata usukani kulia. Papa alikuwa akifanya hivyo kama mtu anayekula bukari, bila kufikiri. Siku moja nilimkuta anajaribu kuingia katikati ya malori mawili mara nne, na konvoyere yuko chini anamwonyesha kwa mikono. Aliposhuka alisema, "Parkingi imekuwa ndogo." Parkingi ilikuwa ileile.

Kisha nikaona kwamba hazungushi tena ile manivele ya kuteremsha miguu ya remorki wakati wa kuifungua. Alimwachia kijana. "Vijana wafanye kazi," alisema, huku anashika bega. Karatasi za mzigo alianza kunipa mimi nimsomee, na miwani iko mfukoni mwake.

Halafu kuna mambo ya upande wa barabara. Wasomaji wa hapa wanajua: kwetu Kongo tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Kila shofere anayevuka Kasumbalesa anabadilisha upande akishapita kizuizi. Papa alishabadilisha mara nyingi hata hawezi kuhesabu. Lakini asubuhi moja aliingia Kongo akaendelea kushoto, mpaka wengine wakampigia honi. Hakuna aliyegongwa. Aliporudi nyumbani alitusimulia akicheka. Nilicheka naye. Usiku sikupata usingizi.

Sikupata usingizi kwa sababu mimi ndiye ninayesoma habari za ajali kwenye redio. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linakula mita 22. Zambia inaruhusu lori na remorki yake kufika tani 56. Mtu akichelewa kuona kwa sekunde moja tu, mita hizo 22 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki, na huo mzigo wote uko nyuma yake unasukuma. Nilijua hesabu hiyo. Na bado nilikaa miaka miwili bila kusema neno.

Kwa nini? Watu watasema ni heshima, mtoto hamwambii mzazi kwamba amezeeka. Heshima ilikuwapo. Lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunakula kutoka kwenye ile remorki. Wadogo zangu wawili walikuwa bado shuleni. Papa alifanyia kazi mabosi wengi, na ni mmoja tu aliyemwandikisha CNSS, tena kwa miaka michache. Kumwambia aache ilikuwa ni kumuuliza kesho tutakula nini, na mimi sikuwa na jibu. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu nikakuita heshima.

Aliyenifungua mdomo ni konvoyere wake. Alinifuata jioni moja karibu na soko.

"Yaya, sema na Muzee. Miye naogopa, atanifukuza."

Akanieleza. Walikuwa wanatoka Chingola usiku. Mbele kulikuwa na lori lililoharibika, limesimama barabarani bila taa, na shofere wake alikuwa ameweka matawi ya miti chini kama tunavyofanya huku. Konvoyere aliyaona majani. Papa hakuyaona. Kijana alipiga kelele, Papa akakanyaga breki, remorki ikaanza kuja pembeni. Waliishia kwenye mchanga kando ya barabara. Walikaa pale mpaka asubuhi, na Papa hakusema neno.

Jumapili, baada ya kula, nilimwomba tuzungumze. Nilianza vibaya. Nilisema, "Papa, una miaka 64."

Alikasirika. "Mama," aliniambia, maana nina jina la mama yake, "haiko miaka njo inaendesha. Batoto ba miaka 25 banaanguka kila siku." Na alikuwa na haki. Nimetangaza ajali nyingi za vijana waliolala kwenye usukani au waliokunywa. Miaka peke yake haisemi kitu.

Basi nikamuuliza jambo moja tu: "Na kama konvoyere angekuwa amelala?"

Alikaa kimya. Akanawa mikono ambayo alikuwa ameshanawa. Akatoka nje.

Siku nne baadaye aliniomba nimsindikize Lubumbashi kwa daktari wa macho. Daktari alikuta mtoto wa jicho upande wa kulia, akasema unaweza kuondolewa kwa upasuaji. Kwenye teksi ya kurudi nilimwambia ni habari njema. Papa akajibu, "Jicho batatengeneza. Na bega? Na usingizi?" Hapo nilijua kwamba alikuwa anajipima mwenyewe kwa muda mrefu kuliko mimi.

Hatukukata siku hiyo hiyo. Kwanza tuliketi sote, na mama na wadogo zangu, tukahesabu pesa kwenye daftari. Nani atalipa shule, mama ataongeza nini kwenye biashara yake ya mboga, nini tutaacha kununua. Nafikiri hicho ndicho kilichomsaidia Papa kuliko maneno yangu yote. Mzee hawezi kuteremka kwenye lori kama huko chini hakuna mahali pa kukanyaga.

Kisha aliacha kwa ngazi. Aliacha usiku. Aliacha njia ya Dar es Salaam na milima yake. Alifanya miezi michache Kasumbalesa na Lubumbashi tu, mchana. Mwishoni alipeleka remorki kwa bosi. Nilikuwapo. Alikataa msaada wa konvoyere, akazungusha manivele mwenyewe, akipumzika mara tatu. Akafungua mipira ya hewa, akavuta kichwa cha lori mbele, akashuka, akatoa ufunguo. Hakuna hotuba.

Sasa, baada ya upasuaji wa jicho, anaendesha lori dogo lisilo na remorki, anabebea mfanyabiashara mmoja unga, mchana tu. Pesa haifiki nusu ya ile ya zamani, na kuna miezi tunakopa. Siwezi kuwaandikia kwamba amefurahi. Saa kumi ya alfajiri bado anaamka, anakaa mlangoni, anasikiliza malori yanayopanga mstari, na anasema lipi lina breki mbaya.

Ndugu wasomaji, mji wetu una nyumba nyingi kama yetu. Kama una baba, mjomba au mume anayevuta remorki, usianze na miaka yake. Angalia anavyorudi nyuma parkingi, anavyofungua remorki, kama anakwepa usiku, kama anakupa karatasi umsomee. Mpeleke kwa daktari wa macho kabla ya kumhukumu, maana mengine yanatibika. Fungueni daftari nyumbani kabla ya kumwomba aache.

Na muulize konvoyere wake. Mtafute akiwa peke yake, umhakikishie kwamba hutamtaja. Wa kwetu alikuwa amejua kwa mwaka mzima, akingoja mtu amuulize.