Shamba la Babako na Meza ya Bwana

Mji wa Kale, Mombasa

Mpwa wangu Neema,

 

Waandika kwamba wazee wa kanisa wanakutaka uifute kesi ya shamba la marehemu babako uliyomfungulia babako mdogo, kwa kuwa Mkristo husamehe. Nawe, moyo ukikataa, umeacha kushiriki Meza ya Bwana. Hapo wamekufungia mambo mawili furushi moja: kusamehe na kufuta kesi.

Kusamehe tumeamrishwa, halina mjadala. Lakini soma tena Mathayo 18, yule mtumwa aliyefutiwa talanta 10,000 kisha akamkaba mwenziwe kwa dinari 100. Dinari 100 ni vibarua vya siku 100, si senti za kuokota. Yesu hakusema deni la mwenziwe lilikuwa la uongo. Na lile deni kubwa lilitajwa na kuhesabiwa kwanza, ndipo likafutwa. Wewe unatakiwa utoe msamaha wa kunyamaza, na huo nauogopa.

Hapa mjini kuna kisa kinachonitia hofu hiyo. Ukishika Ndia Kuu unatokea Ngomeni, kwenye ngome ya Wareno. Sultani wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, alikosana na Wareno, akakimbilia bara, akauawa 1614 kwa fitina yao. Mwanawe Yusuf, angali mdogo, akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa Dom Jerónimo. Walimfunza kusali, kisha wakamrudisha kukalia kiti cha babake, chini ya jicho la kapteni wa Kireno. Yasemekana alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake, na habari zikamfikia kapteni. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni. Baada ya hapo wakauawa Wakristo wengi wa mjini, Wareno na Waafrika, wanawake na watoto. Siwatetei wauaji hata kidogo. Waliokufa wengi hawakuwa na mkono katika damu ya 1614. Ila naona mtoto aliyefunzwa kusamehe na watu walewale waliomfanya yatima alikuwa amebebeshwa mzigo usiobebeka.

Sasa nenda Barabara ya Nkrumah, kwenye kanisa la Memorial, lile lenye kuba ambalo wageni hulidhania msikiti. Lilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kumkumbuka, pamoja na wengine, Askofu James Hannington. Alitoka pwani hii 1885 kwenda Buganda kwa miguu, akauawa Busoga mikononi mwa watu wa chifu Luba, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Miaka ikapita, mwanawe Joseph akaenda Uganda kuhubiri, akambatiza mwana wa Luba. Kisa kile hakikufunikwa, na jina la Luba halikufichwa. Ndiyo maana hata mimi nakusimulia leo.

Kwa hiyo kesi iache iendelee. Zakayo aliposema atarudisha mara nne alichodhulumu, Yesu hakumwambia akae nacho. Babako mdogo akiamriwa arudishe shamba, hajaonewa.

Lakini mwanangu, kuna mstari katika barua yako uliniumiza: kwamba akifa hutaenda kumzika, na wanao wasikanyage kwake. Hilo si la hakimu, ni lako wewe, nalo ndilo la kuliachilia. Usidhani utaliachilia mara moja likaisha. Ile sabini mara saba ya kusamehe watu huihesabu kwa makosa mapya. Mimi naona yatosha kosa moja linalokurudia kila asubuhi ukinywa chai.

Hati za mauzo alizoniachia babako ninazo sandukuni. Siku ya kutajwa kesi nitazileta mwenyewe, maana siziamini kwa posta. Tukimkuta babako mdogo amekaa kwenye benchi pale nje ya mahakama, msalimu, muulize sukari yake inaendeleaje. Kisha uingie ukaseme yote uliyoyaona, usipunguze neno kwa sababu umemsalimu. Na Jumapili hii usingoje hukumu, nenda kanisani ukashiriki.

Mjombako