Hofu ya Baba Ikawa Kazi Yangu

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya kila mtoto anayetamani kufuga kuku na wazazi wake hawataki kusikia. Nililelewa Mathira, juu kidogo ya mji wa Karatina, kwenye shamba dogo la kahawa na majani ya ng'ombe. Nilipoingia darasa la saba niliomba kuku wa kienyeji. Baba akakataa, na Mama akamuunga mkono. Nilibembeleza, nikanuna, nikamtuma shangazi anisemee. Kila nilipozidisha maneno, Baba alizidi kushikilia msimamo wake.

Shosho, mama yake Baba, ndiye aliyenifungua macho. Alinisimulia mwaka ugonjwa wa kideri ulipoingia bomani mwake. Kuku walianza kuzubaa, wakaharisha kijani, shingo zikapinda, na kabla ya wiki kwisha banda likabaki tupu. Mayai ya kuku wale ndiyo yaliyomnunulia Baba sare za shule, na ni Baba, akiwa bado mvulana, aliyechimba shimo la kuzika mizoga. Nikaelewa kwamba hakuwa mkali bure. Alikuwa akinikinga na uchungu anaoujua.

Basi nikaacha kuomba, nikaanza kuuliza. "Baba, nikifuga kuku, wewe unaogopa nini?" Akanijibu bila kuficha: kideri na masomo. "Mami," alisema, maana nina jina la mama yake na hivyo ndivyo anavyoniita, "kuku hawatakufanyia mtihani wa KCPE." Mama akaongeza sukuma wiki zake, ambazo kuku wangezichakura zote kwa siku moja. Nikayaandika yote daftarini, kila hofu na ukurasa wake.

Ukurasa wa kideri ulinifikisha kwenye duka la agroveti mjini Karatina. Mwenye duka alinieleza kwamba ugonjwa huo hauna tiba ila una chanjo: tone moja jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini chupa aliyokuwa nayo ilitosha kuku 100, na chanjo ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa mbili hivi. Mimi nilitaka kuku watatu tu. Hapo nikatambua kwamba kideri hakizuiwi na boma moja. Nikapiga hodi kwa majirani, nikaandika idadi ya kuku wa kila mmoja, nikawaomba tuchange. Wengi walikuwa wamewahi kupoteza kuku kama Shosho, wakakubali.

Jumamosi moja asubuhi chanjo ikaletwa ndani ya themosi yenye barafu, pamoja na afisa wa mifugo. Tulipita boma kwa boma. Mimi nilimshika kuku, nikamlaza kichwa upande, jicho likielekea juu; afisa akadondosha tone, tukangoja kuku apepese jicho ndipo tumwachilie. Baba alisimama kwenye ua akitazama. Kwetu hakukuwa na kuku hata mmoja.

Jioni ile alitoa mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa jikoni, tukaanza kupima banda.

Masharti yalikuwepo, nami niliyapokea kwa moyo mmoja. Kuku wangekaa ndani ya wavu, wasiguse bustani ya Mama. Kazi ya banda ingefanywa kabla ya shule, na alama zikishuka, kuku wangeuzwa. Kuku yeyote aliyetoka sokoni angetengwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake, maana magonjwa mengi huingia kwa njia hiyo. Koo wetu wa kwanza aliatamia siku 21, na vifaranga wakaanguliwa mwezi wa Julai, wakati ukungu wa Mlima Kenya unaposhuka na baridi kuingia mifupani. Tulitandika maranda makavu, tukaziba upepo kwa magunia, na koo akawafunika kwa mbawa zake. Samadi iliyooza tuliitia kwenye sukuma wiki, na Mama mwenyewe akawa anaidai.

Baba naye alibadilika. Tarehe ya chanjo aliiandika kwenye kalenda ya ukutani kabla sijaikumbuka, na majirani wakaanza kumuuliza yeye itakuwa lini tena.

Leo wanafunzi husoma kilimo katika mtaala wa umilisi, na vilabu vya kilimo vya 4-K vilifufuliwa mwaka wa 2021, kwa hiyo wengi wana mwalimu wa kuwaelekeza. Hata hivyo, idhini ya kufuga bado hutolewa nyumbani. Mtoto, usimshinde mzazi wako kwa kelele. Muulize anaogopa nini, kisha ibebe hofu hiyo kama kazi yako, hata kabla hujapewa kuku. Nawe mzazi, usiishie kusema hapana. Mwambie mwanao sababu yako ya kweli, umwachie nafasi ya kuijibu kwa mikono yake. Mimi nilipewa nafasi hiyo, na ndiyo iliyonifunza kuaminika.