Ukitaka kubandua jina, shukia Grogan

Kama hujawahi kuitembelea Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, siku moja jipe saa mbili uende, hata kama huna gari. Ukifika mzunguko wa Globe ukitokea Thika Road, ingia mkono wa kushoto. Mto Nairobi utakuwa kushoto kwako, River Road kulia kwako, nawe utajua umefika kwa pua kabla ya macho: oili iliyochomeka, mipira mipya, thina, na katikati ya hayo yote chapati za mama fulani zinazogeuzwa kando ya rundo la rejeta. Bampa zimening'inizwa milangoni kama mbuzi buchani. Usishangae ukishikwa mkono na kijana anayetaka kujua gari lako linaumwa wapi, ilhali umekuja kwa miguu.

Vibao vinasema Kirinyaga, lakini muulize utingo yeyote nawe utasikia "Grogan". Hilo ni jina la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alikofika mwaka 1900. Jina la mkewe, Gertrude, ndilo lililoko kwenye hospitali ya watoto kule Muthaiga. Barabara ilibadilishwa jina baada ya uhuru. Vinywa vya watu havikubadilika.

Mimi nilifika huko siku ya Alhamisi, kwa shida ambayo haikuwa ya injini.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la pembejeo mjini Matuu, na pikapu aina ya Peugeot 504, nyeupe, ambayo kila mtu kutoka Matuu hadi Kithimani aliijua kwa mlio. Milangoni alikuwa amebandika herufi nyekundu za plastiki: jina lake mstari wa juu, na mstari wa chini "na Wanawe". Mwandishi wa vibao alitaka kuweka maneno ya Kizungu, kama maduka mengine yanavyofanya, lakini Baba akakataa. Alisema Kizungu kingewahesabu wavulana peke yao, naye alikuwa na mvulana mmoja na wasichana watatu. Kwa hiyo mimi nimo katika maneno yale.

Mwaka jana mama aliamua kuiuza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeendeleza duka, na gari likikaa chini ya mwembe linakuwa nyumba ya kuku. Mnunuzi akapatikana, mfanyabiashara wa maembe, mtu wa maneno machache. Alikubali bei, akaweka sharti moja: "Mama, sitaki kuendesha jina la marehemu. Libandueni, nije Jumamosi."

Nikajitolea. Kazi ya kubandua stika, nani atashindwa? Nikachukua kisu cha jikoni na kikombe cha petroli, nikaanza na mlango wa kushoto. Msomaji, usinicheke. Herufi zilizokaa kwenye jua la Matuu karibu miaka ishirini hazibanduki kama plasta ya kidonda. Zilikatika vipande vidogo kama ganda la yai, gundi ikabaki, na kila nilipozidisha nguvu kisu kiliteleza kikaenda kwenye rangi. Nilipoacha, mlango ulikuwa na mikwaruzo mirefu na uchafu mweusi unaonata, na mama alikuwa amesimama nyuma yangu muda mrefu bila kusema neno. "Mwanangu," alisema mwishowe, "hiyo petroli na jiko linalowaka pale, unataka tuzike mwingine?"

Ndiyo maana nikaendesha pikapu ile hadi Grogan.

Fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa na ua mwembamba nyuma ya maduka ya vipuri. Ni mtu wa makamo, mpole, na kazi yake hasa ni kutoa kile ambacho wengine wamebandika. Siku hiyo vijana wake walikuwa wakiivua matatu ya abiria 33 picha za mwanamuziki mmoja wa Marekani aliyepitwa na wakati. Walivuta ukanda mmoja mpana kuanzia dirishani hadi kwenye gurudumu, polepole, na uso wa mwanamuziki ukajikunja kama mkeka.

"Sisi hula kwa sababu watu huchoka," fundi aliniambia. Matatu ikiuzwa, jina la chama chake cha ushirika halina budi kutoka. Ikibadilisha njia, namba inabadilika. Na vijana wa mtaani wakiwa na shujaa mpya, wa zamani hubanduliwa. Alikumbuka mwaka 2004, John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, matatu zilipoamriwa kuwa na mstari wa manjano na picha zikafutwa karibu zote. Miaka kama kumi baadaye michoro ilirudi kwa fujo, hasa Rais Uhuru Kenyatta alipowatetea vijana wanaoichora.

Alipouona mlango wa kushoto alikunja uso. "Dada, ni nani alikuwa akichuna mbuzi hapa?" Nikasema ni jirani.

Mlango wa kulia, ambao sikuwa nimeugusa, ndio aliouanza. Aliosha kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu mchanga ukibaki utakwaruza. Kisha akaleta mashine inayopuliza hewa moto. Nyumbani, alisema, ile ya kukaushia nywele inatosha ukiwa na subira. Plastiki ya stika huwa na kitu kinachoilainisha, na jua hukinyonya mwaka baada ya mwaka hadi ikawa ngumu kama kigae. Joto huirudishia ulaini kwa dakika chache, na gundi iliyo chini nayo hulegea. Hakukaza moto mahali pamoja. Alipeperusha huku na huku, akijaribu bati kwa kiganja: likiwa moto kiasi kwamba mkono haukai, umezidisha, na rangi inaweza kuvimba. Akainua ncha ya herufi ya kwanza kwa ukucha, akaikunja nyuma juu ya herufi yenyewe, akavuta karibu sambamba na bati. Ukiivuta moja kwa moja kuja kwako, alinionya, inakatika au inakuja na rangi, hasa kwenye gari lililopigwa rangi upya gerejini.

Zilipokatika hakukasirika. Alipasha tena.

Gundi iliyobaki aliilaza chini ya kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, akaenda kunywa chai. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunasugua badala ya kungoja. Aliporudi, gundi ilikuwa imekuwa laini kama jemu, akaikusanya kwa kipande cha plastiki, kadi ya benki ya zamani. Wembe haukutoka mfukoni. Wembe ni wa kioo, na hata kioo cha nyuma chenye zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu hakitaki wembe. Petroli haikaribishwi kwa sababu mvuke wake hushika moto haraka. Thina hula rangi pamoja na gundi. Na kama una kibao cha duka cha ile plastiki ngumu inayong'aa, usikipake thina wala spiriti, kitapasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi; maji vuguvugu, sabuni na subira vinatosha. Mwisho alisafisha kila mahali kwa sabuni tena, maana mafuta ya taa huacha utelezi, na utelezi ukibaki rangi mpya haishiki.

Alipopangusa kwa kitambaa kikavu, nilisikia moyo ukinidunda. Herufi zilikuwa zimekwisha kutoka, lakini jina la Baba lilikuwa palepale. Weupe mahali herufi zilipokuwa ulikuwa weupe wa siku gari lilipopambwa, na mlango wote uliosalia ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Jua lilikuwa limefifisha kila kitu isipokuwa kile kilichofunikwa. Jina lake, na chini yake, "na Wanawe".

"Hicho ni kivuli," fundi alisema. "Gundi nimemaliza. Kivuli hakitoki kwa mafuta." Dawa yake ni kompaundi: kuisugua rangi iliyochakaa hadi ifikie ile iliyo safi. Akaanza na mstari wa juu. Kitambaa kilikuwa kikitoka na unga mweupe kama chaki ya ubao. Polepole mlango ukang'aa, na jina likazama ndani ya mng'ao hadi nikalazimika kuinamisha kichwa ili nilione. Kisha hata nikiinama sikuliona.

Alipotaka kushuka mstari wa chini, nilimwomba angoje, nikampigia mama simu. Alinyamaza kidogo. Nikasikia kuku.

"Yule bwana alisema hataki jina la marehemu," mama alisema. "'Na Wanawe' si jina la marehemu."

Fundi hakupendezwa. Alisema mlango utaonekana kama suruali yenye kiraka, na watu watadhani ni yeye aliyeshindwa. Nilimlipa pesa za kazi nzima. Upande wa kushoto alisugua wote hadi chini, lakini mikwaruzo yangu ilikuwa imefika kwenye bati, na hiyo, alisema, inataka rangi.

Jumamosi mnunuzi alifika saa tatu asubuhi, jua likiwa bado upande wa kulia wa gari. Alizunguka, akapiga magurudumu teke, akafungua boneti. Kisha akasimama mbele ya ule mlango, akapitisha kidole pole pole juu ya mstari wa chini.

"Na hawa wanawe ni akina nani?"

"Ni hawa," mama alisema, akituonyesha kwa kidevu tulivyokuwa tumeketi barazani, wanne. "Ndio watakaokuhesabia pesa."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tumjue. Alilipa. Kwa mikwaruzo ya mlango wa kushoto alikata shilingi 5,000, na ndugu zangu wameamua zitoke kwenye fungu langu.